Inshallah ya Ami na Ndiyo ya Mjerumani

Assalaam alaykum wapenzi wangu wa Unguja na Pemba, na nyote mnaonitazama. Hapa nilipo ni Speicherstadt, Hamburg, mtaa wa maghala ya matofali mekundu pembeni mwa bandari. Huo upepo mnaousikia ndio baridi ya Novemba yenyewe, nivumilieni. Nimekuja kusimama hapa makusudi, kwa sababu maghala haya ndiyo yaliyokuwa yakiwekwa kahawa, chai na viungo kutoka pande zote za dunia. Na ninalotaka kuwaambia leo linahusu viungo, linahusu ami yangu wa Wete, Pemba, na linahusu neno moja ambalo nusura limpotezee mnunuzi mzuri. Neno lenyewe ni inshallah.

Nifahamuni vizuri. Neno la Mungu silisemi kwa ubaya. Nasema vile tunavyolitumia pale ambapo moyoni tunajua jambo haliwezekani.

Mwaka juzi nilimkutanisha ami na kampuni ndogo ya viungo ya hapa, jina lake naliacha. Walitaka pilipili manga. Karafuu hawakuiulizia, na wangeiulizia ningewaambia kuwa karafuu yetu mnunuzi wake ni mmoja, ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar, na kuipitisha njia nyengine ni magendo. Basi mnunuzi akauliza kwa barua pepe: mnaweza kunipatia kilo 300 kufikia Januari? Ami akanitumia sauti kwa WhatsApp: "Mwambie inshallah, mwanangu." Mie nikafasiri neno kwa neno. Mjerumani akaandika 300 kwenye mkataba, na hizo 300 akaziuza kwa wateja wake hata hazijachumwa. Zilizofika ni 190.

Nilipompigia ami, akanambia alijua tangu mwanzo kuwa mipilipili yake na ya jirani zake haifiki mia tatu. Nikamuuliza, sasa ami, mbona hukusema? Akanijibu: "Mtu katoka mbali anakuomba kitu, utamwambia sina, mbele ya uso wake?"

Jibu lile nimekaa nalo siku nyingi. Kwa mtu wa Wete aliyelelewa, kusema hapana kavu ni kumfungia mgeni mlango. Kwa hiyo unasema inshallah, unasema tutaangalia, unasema Mungu atajaalia. Msikilizaji wa kwetu anaisikia ile sauti ilivyolegea, anaona ulivyotazama chini, anaelewa kuwa hapa hapana kitu, akatafute kwengine. Kila mtu kabaki na heshima yake. Lakini lugha hiyo yote iko kwenye sauti na macho, na barua pepe haina sauti wala macho.

Na huyu Mjerumani naye nataka mumuelewe. Kwake yeye heshima ni kuambiwa ukweli mapema ili apange mambo yake. Ukimwambia sina 300, nina 190, hakasiriki. Anachukua kalamu anaandika 190, yamekwisha. Kinachomuumiza ni kuambiwa ndiyo halafu isiwe, kwa sababu nyuma yake kuna watu nao aliwaambia ndiyo. Siku mzigo ulipofika pungufu aliniambia kwa upole kabisa kuwa ami si mtu wa kutegemewa. Sentensi hiyo sijamfasiria ami mpaka leo. Ami ndiye mtu wa kutegemewa kuliko wote ninaowajua.

Sasa geuzeni upande wa pili. Mnunuzi huyu alishafika Pemba kabla ya hapo, siku mbili tu. Akakaribishwa kwa ami, ukatandikwa mkeka, ikaja chai ya mdalasini na mkate wa kumimina, gumzo likaanza. Wazee wakamuuliza mama yake yu hai? Ana watoto? Kwao kunalimwa nini? Zilipopita dakika kama ishirini akafungua kompyuta akauliza bei. Gumzo likakatika pale pale. Alipoondoka mzee mmoja akasema: "Huyu hana watu."

Mnunuzi alidhani lile gumzo ni kupoteza wakati. Wazee walikuwa kazini! Huku Ujerumani kuna shirika linaitwa Schufa, lipo tangu 1927, linaweka kumbukumbu za nani analipa madeni yake na nani halipi. Ukitaka kupanga nyumba, mwenye nyumba anataka karatasi ya Schufa. Kampuni nazo zina daftari la mahakama, unafungua unaona nani mwenye mali. Kwa hivyo Mjerumani hana haja ya kukuuliza mama yako mzima au vipi, kuna waliomuulizia. Kwetu Schufa ni baraza. Pale ndipo inapojulikana huyu mtoto wa nani, baba yake aliwahi kudhulumu, akipata msiba nani atasimama naye. Mtu asiyekuwa na watu, akikukimbia na pesa zako utamfuata wapi?

Na Hamburg hii ilishawahi kulijua baraza letu. Wafanyabiashara wa hapa walikuwa Unguja tangu miaka ya 1840, wakinunua kauri, yale makombe madogo ya pwani, na kuzipeleka Afrika Magharibi, ambako zilikuwa ndiyo fedha. Mwaka 1859 Hamburg, Bremen na Lübeck zikatiliana mkataba wa biashara na Sayyid Majid, Sultani wa Zanzibar. Dada yake, Sayyida Salme, akaja kuolewa na mfanyabiashara wa Hamburg aliyekuwa jirani yake Mji Mkongwe, na kaburi lake liko Ohlsdorf, mji huu huu. Nimepita pale mara mbili. Watu wale walikaa Unguja miaka na miaka, wakajifunza kuketi. Wa leo ana siku mbili na tiketi ya kurudi mfukoni.

Khabari ya saa nayo, naisema haraka. Ami aliandika "tuongee saa 4". Yeye saa nne ya asubuhi, mnunuzi akasoma saa kumi ya jioni. Tena majira ya baridi Hamburg iko nyuma yenu kwa saa mbili. Ami kakaa na simu asubuhi kutwa, mnunuzi kafungua kompyuta wakati Wete watu wanajitayarisha kwa Maghribi. Wote wawili waliwahi, na kila mmoja akaamini mwenzake kamdharau! Sasa naandika hivi: 10:00 Zanzibar, 08:00 Hamburg. Andikeni na nyinyi, khasa kina mama wa mwani mnaotafuta wanunuzi wa nje.

Lililoniuma zaidi ni la karatasi. Mnunuzi alitaka cheti cha maabara. Kwa pilipili manga Umoja wa Ulaya unaruhusu mikrogramu 5 tu za aflatoksini B1 katika kilo, na 10 kwa aflatoksini zote pamoja. Hiyo ni sumu ya ukungu, na ukungu huja pilipili ikianikwa ikapigwa na mvua, au ikitiwa guniani haijakauka. Barua ilikuja kavu, haina salamu, inataka cheti, inataka saini. Ami akaumia. "Ananituhumu?" Nikamwambia ami, mtu akiugua kwa pilipili ile, sheria inamshika yeye aliyeiingiza nchini, hata kama anakuamini kama ndugu yake.

Lakini kilichomtuliza ni kitu alichonisomesha mwenyewe nikiwa mdogo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani iko Suratul Baqara, ya 282, nayo inaamrisha deni la muda maalumu liandikwe na washuhudie mashahidi. Kuandika hakukutoka Ulaya, ami. Akanyamaza kidogo, akasema, "Umesema kweli." Tukaandika.

Na mnunuzi nilikaa naye pia. Nilimwambia kabla ya bei, uliza hali. Mwaka huu anapiga simu mwenyewe, anauliza goti la ami linaendeleaje, na anasubiri ajibiwe. Barua zake bado kavu. Hilo nimeliacha.

Leo alfajiri nimeamka nikakuta ujumbe wa ami. Safari hii si sauti, kauandika: "Mwanangu, vuli imekuja na nguvu, tumeanua tumechoka. 250 tulizosema hazifiki. Mwambie 180, na hizo zimekauka nimezishika kwa mkono wangu. Inshallah zitapanda meli salama."

Nimeifasiri yote, na inshallah yake mahali pake. Mnunuzi kajibu kabla sijamaliza chai: asante, 180, nawaarifu wateja leo. Halafu chini yake, mstari peke yake: goti la mzee vipi na mvua hiyo?