Mkahawa wa Chai kwa Upana wa Boriti

Asalamu alaykum. Asanteni kwa kuja na joto hili.

Swali la leo ni hili: mtu ana kiwanja kichochoroni Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, chembamba, kuta za majirani zimekibana pande tatu. Anataka mkahawa wa chai wa kisasa. Aanzie wapi?

Wengi huanza kwa kuhesabu meza. Mimi nasema aanze na boriti. Mikoko ndiyo iliyowapimia wazee wetu vyumba: ukiivusha boriti zaidi ya mita tatu hivi, haistahimili dari ya mawe na chokaa. Ndiyo maana misana, vile vyumba vya nyumba za mawe za Lamu, ni mirefu na myembamba. Basi wembamba wa kiwanja si msiba. Vyumba vya upana huo tumeviishi karne nyingi, tukavipa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, na kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, kiingize mwanga na kutoa hewa ya moto. Kiwanda hicho, nawaomba sana, msikiezeke bati eti mpate meza mbili zaidi. Hapo ndipo nyumba inapopumulia.

Japani, karibu na Kyoto, kuna chumba cha chai kiitwacho Tai-an, kinachohusishwa na Sen no Rikyū, bingwa wa sherehe ya chai wa karne ya 16. Kina nafasi ya mikeka miwili tu, na mgeni huingia kwa kujikunja kwenye kijilango kidogo. Kule ufinyu humtenga mnywaji na pilikapilika za nje. Chai yetu haitaki hivyo. Anayekunywa chai ya tangawizi Lamu anataka kuona nani apita, amwamkie, amuulize hali ya mgonjwa wake.

Kwa hiyo rudisheni ukuta wa mbele nyuma kidogo, mjenge daka, yaani ukumbi wa mlangoni, lenye baraza pande zote mbili. Ndiyo, nafasi ya ndani itapungua. Lakini punda mwenye mzigo atapita bila kumgusa mtu, na mzee asiye na pesa ya chai atakaa bila kuulizwa anaagiza nini. Hilo kwangu halina mjadala.

Jiko lipandisheni juu, kama meko ya zamani, moshi uchukuliwe na upepo. Birika na mahamri viteremshwe kwa kamba na roda.

Na kuta za matumbawe zipigwe lipu ya chokaa. Simenti hufungia unyevu ndani, chumvi ikaula ukuta, na ukuta huo ni wa jirani pia.