Siku Moja Dawson Creek Kabla ya Msafara wa Alaska: Anza na Lipi, Malizia na Lipi

Habari zenu ndugu zangu, karibuni. Leo niko Dawson Creek, British Columbia, huku Kanada. Barabara Kuu ya Alaska inaanzia hapa, kwa hiyo misafara mingi ya motahomu hukutana katika mji huu kabla ya kushika njia. Kwa mgeni wa mambo haya, motahomu ni gari lenye kitanda, jiko na choo humo humo ndani. Nitakuonyesha namna ya kuitumia siku ya mwisho kabla ya kujiunga na wenzako: kazi chafu asubuhi, soko mchana, halafu jioni yote ni yako ya kutembea mjini. Kuanzia kesho utafuata ratiba ya kiongozi wa msafara, kwa hiyo leo usiichezee.

Kabla ya lolote, angalia saa. Dawson Creek hawabadilishi saa mwaka mzima. Ukitoka Edmonton, mji wa jimbo jirani la Alberta, wakati wa kiangazi, huku wako nyuma kwa saa moja. Simu itajirekebisha yenyewe, ila ile ya kwenye dashibodi lazima uirudishe kwa mkono.

Haya, tairi. Unaanza nazo kabla hujawasha gari, maana upepo hupimwa tairi zikiwa baridi. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko karibu na mlango wa dereva. Ile namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kiwango cha juu kabisa, usijaze kwa kuifuata. Sasa njoo huku nyuma. Motahomu kubwa ina tairi mbili mbili kila upande, na hii ya ndani ndiyo watu wanayoiruka kwa sababu inakulazimu kupiga magoti. Piga magoti. Ukiwa hapo chini, tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT ubavuni mwa tairi. Kama zimeandikwa 2319, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari la aina hii hukaa limeegeshwa miezi mingi, kwa hiyo mpira huzeeka na kupasuka pasuka wakati kashata bado nzuri. Ukiona nyufa, mtafute fundi leo leo, usisubiri pancha ya porini.

Kioo cha mbele nacho kikague. Barabara ina lami siku hizi, lakini kila kiangazi kuna vipande vinavyofanyiwa matengenezo na utapita kwenye changarawe. Kitobo kidogo cha jiwe kinazibika kwa muda mfupi hapa mjini. Ukikiacha, kitakuwa ufa wa kuvuka kioo kizima.

Sasa kazi ambayo hakuna anayeipenda. Nenda kituo cha kumwaga maji taka, vaa glavu. Kuna matangi mawili: la choo, na la maji ya sinki na bafu. Tazama mkono wangu. Naunganisha mpira mnene hapa, nauzungusha mpaka ukaze, mwisho wa pili unaingia kwenye shimo na nimeukanyaga kwa mguu usije ukaruka. Halafu navuta koki ya choo, peke yake. Nasubiri mpaka sauti ikatike. Naifunga, ndipo nafungua ya sinki, ili maji ya sabuni yasuuze mpira. Ukigeuza mpangilio huu utasafiri na harufu hiyo mpaka Alaska, na gari la nyuma yako litajua.

Maji safi yana mpira wake, na haukai sanduku moja na ule mwingine hata kidogo. Usijaze tangi kwa mazoea. Lita moja ni kilo moja, ukibeba lita 200 umebeba kilo 200 na mafuta utalipia wewe. Muulize kiongozi kama kambi ya kwanza ina maji. Kama yapo, nusu tangi inatosha.

Gesi: zima jiko na friji, shusha watu wote, halafu mwache mhudumu ajaze. Atasimama kwenye asilimia 80. Hajakupunja, gesi inahitaji nafasi ya kutanuka.

Karatasi. Hapa wenzetu tunaoishi Kanada tusikilizane. Ukiwa mkazi wa kudumu lakini bado una pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda, Alaska ni Marekani, na viza ya Marekani unaihitaji. Kadi ya ukazi ni ya kukurudisha Kanada, usiiache nyumbani. Hakikisha viza hiyo bado hai mpaka siku utakayofika mpakani, maana kutoka hapa mpaka huko ni zaidi ya kilomita 1,800. Kama una mbwa, beba cheti chake cha chanjo ya kichaa cha mbwa.

Soko ni la mwisho, na usinunue kama unayehama. Mpakani maofisa wa Marekani wanaweza kukunyang'anya baadhi ya matunda, mboga na nyama. Nunua vibichi vya siku chache tu. Unga wa ugali, mchele, maharage na viungo vya pilau jaza utakavyo, maana huko mbele maduka ni machache na bei zinapanda. Simu pia: pakua ramani ukiwa bado na mtandao, kwa sababu kuna masafa marefu hutapata hata alama moja.

Egesha gari kambini, funga, tembea kwa miguu au chukua teksi. Kuzunguka katikati ya mji na motahomu ni kujitafutia ugomvi wa maegesho. Na usiogope kuchelewa, mwezi Juni jua huzama karibu saa nne usiku.

Anzia kwenye stesheni ya zamani ya reli, sasa ni makumbusho. Jengo refu lililo jirani lilikuwa ghala la nafaka, leo ni nyumba ya sanaa, na ukuta wake wa ndani una picha za ujenzi wa barabara. Hapo nakuomba usipite haraka. Baada ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor Desemba 1941, Marekani ilitaka njia ya nchi kavu ya kufika Alaska. Jeshi lilianza kazi Machi 1942, na kufikia Novemba mwaka huo huo njia ilikuwa imefunguliwa. Walikuwa askari zaidi ya 10,000, na karibu theluthi moja walikuwa weusi, kwenye vikosi vyao vya peke yao, kwa kuwa jeshi la Marekani wakati huo lilitenga watu kwa rangi. Kikosi cha 95, kimojawapo cha hivyo vya weusi, kilijenga daraja la mbao juu ya mto Sikanni Chief kwa siku chache tu. Mto huo utauvuka kesho au keshokutwa, kwenye daraja jipya. Kwangu mimi, ukuta huu una thamani kuliko ile nguzo nyeupe ya Maili 0, alama ya mwanzo wa barabara, ambayo kila mtu anapigia picha.

Nguzo yenyewe iko hatua chache kutoka hapo, katikati ya makutano ya barabara. Magari hayasimami kwa ajili ya selfi yako, kwa hiyo nenda jioni. Kama una watoto, wapeleke pia kijiji cha makumbusho cha Walter Wright, wakaone kanisa na shule za walowezi wa zamani.

Rudi kambini kabla ya kikao cha msafara. Uliza mambo matatu: chaneli ya redio ya kuongea kati ya magari, vituo vya mafuta vya siku ya kwanza, na nani anaendesha gari la mkia, yaani la mwisho kwenye msafara, maana mara nyingi huyo ndiye mwenye jeki na spana za maana. Jaribu redio yako pale pale ukiwa na wenzako. Mkiondoka, msifuatane kama garimoshi. Acha nafasi ili malori yaweze kukupita, na taa za mbele ziwe zinawaka hata mchana, kule Yukon, eneo la Kanada mtakalopita kabla ya Alaska, ni sheria.