Uchungu wa Msungu

Mhadhara uliotolewa katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi

Kabla sijasema neno, chupa hii iliyo mezani isiguswe. Ndani yake mna kigumba cha mshale kilichokuwa cha babu yangu, kimefungwa kipande cha ngozi ya paa ambacho sijawahi kukifungua. Wakati wa maswali mtapita kukitazama. Kwa macho.

Wazee wangu, mama zangu, na ninyi wadogo zangu mlioketi sakafuni, asanteni kwa kuja. Nilipopigiwa simu nikaambiwa nina mwaliko Kaloleni, nilidhani ni Kaloleni ya kwetu Kilifi, nikaanza kuulizia basi la usiku. Kumbe ni hapa hapa Eastlands. Nikasema basi, habari za Kaloleni ile nitazimwaga katika Kaloleni hii.

Mti ninaokuja kuwasimulia Kiswahili chauita msungu. Kwetu Ugiriama ni mutsungu, Wakamba wanauita kivai, Wamaasai olmorijoi, na wataalamu wa mimea wameuandika Acokanthera schimperi. Ni mti mdogo usio na makuu. Majani yake ni mazito, yanang'aa, hayapukutiki. Maua yake meupe yana wekundu kidogo na harufu tamu. Tunda lake likiiva huwa la zambarau iliyokolea karibu na nyeusi. Unaweza kuupita mara mia bila kuugeuzia shingo. Lakini mti huu ndio uliowaangusha ndovu wa Tsavo, na sumu yake imewahi kudungwa katika mishipa ya wagonjwa wa moyo huko Ulaya.

Nianze na jina, maana mimi ni mfamasia lakini nimelelewa na bibi aliyependa maneno. "Sumu" tumeipokea kutoka kwa Waarabu. Je, kabla ya hapo tulisemaje? Kwa Kigiriama sumu ya mshale ni utsungu. Sasa chukua hiyo "ts" uiweke "ch", upate nini? Uchungu. Mvita husema utungu, na mama zangu hapa wanajua utungu ni nini zaidi yangu. Kwa hiyo wahenga hawakuipa sumu jina la kifo. Waliipa jina la kile ambacho ulimi uliwaambia. Ulimi ndio uliokuwa maabara ya kwanza.

Ila ulimi hautoshi. Shubiri ni chungu na haiui. Mwarobaini tumeunywa sote humu, tena kwa kushikwa pua, na bado tuko hai. Ulimi unakwambia kuna kitu. Haukwambii kiasi gani. Hapo ndipo masimulizi na miiko ilipoingia kazini.

Tuliambiwa utotoni kwamba ndege akitua juu ya mutsungu huanguka amekufa, na chini ya mti wenye nguvu utakuta mifupa. Ndege wanayala matunda yake yaliyoiva bila wasiwasi, nimewaona mwenyewe. Lakini hadithi ile ilitufanya tusichezee matawi, kwa hiyo sina ugomvi nayo.

Upishi wa utsungu ndio uliokuwa na mambo. Magogo na mizizi hukatwakatwa, huchemshwa kwa saa nyingi, maji huchujwa, hurudishwa motoni, mpaka chunguni kubaki kitu cheusi kinachonata kama lami. Kazi hii haikufanywa nyumbani. Ilifanywa porini, wanawake na watoto wasikaribie, na mpishi asilale na mkewe siku hizo. Wengine walitia chunguni kichwa cha nyoka, au utomvu wa mimea mingine mikali. Wengine walitia sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga. Kwa nini sange? Kwa sababu sange ana vijia vyake na haviachi. Basi ndovu aliyechomwa naye atafuata njia, hatapotelea vichakani.

Kuna wasomi wanaotaka kila mwiko uwe sayansi iliyojificha. Mimi simo. Kupika mbali na nyumba ni akili tupu: kuna watoto, kuna kuku, kuna mtu atakayeazima mwiko wa kukorogea. Kumkatalia mpishi mkewe, huenda kulimfanya akeshe na moto wake bila kushughulishwa. Lakini sange siwezi kumtetea. Sange ni uchawi, tena uchawi mzuri, na maskini alikufa bure.

Tena mwiko ulikuwa kufuli ya duka. Utsungu ulikuwa bidhaa. Waata, ambao Wagiriama waliwaita Walyangulu, walikuwa mabingwa wa kuwinda ndovu, wenye pinde ambazo kuuvuta mmoja kulitaka nguvu ya zaidi ya ratili 100. Sumu waliinunua kwa Wagiriama. Ukitaka wateja wasijifunze upishi wako, waambie mtu asiye na dawa ya kujikinga akichungulia chungu atapofuka. Nawajua wafanyabiashara wa Nairobi wanaofanya vivyo hivyo bila hata chungu.

Sasa njooni kwenye jambo ambalo mimi, kama mfamasia, hunivua kofia. Walijuaje kwamba sumu imeiva? Ndovu hajaribiwi. Ukimpiga na sumu dhaifu, siku hiyo hiyo unajua, lakini huenda usipate nafasi ya kumwambia mtu.

Mzee alijichanja kidogo, mkononi au mguuni, akaiacha damu iteremke kama uzi. Kisha akachukua utsungu kwenye ncha ya kijiti, akaigusisha damu kule chini kabisa, mbali na jeraha. Damu ikaanza kuwa nyeusi, na weusi ule ukapanda, ukaufuata uzi wa damu kuelekea juu. Mzee akawa anatazama mwendo wake. Ukipanda haraka, sumu ni kali. Ukisuasua, chungu kirudi motoni. Na kabla weusi haujafika kwenye jeraha, aliipangusa damu. Fikirini utulivu wa mtu huyo.

Ndugu zangu, hicho ni kipimo. Mwanzoni mwa karne ya 20, wafamasia wa Ulaya na Marekani walikuwa na tatizo lile lile kuhusu dawa za moyo za mimea: majani ya shamba hili yana nguvu, ya shamba lile hayana, na mgonjwa ndiye anayelipa. Unajua walipimaje? Kwa vyura. Walimdunga chura, wakatazama ni kiasi gani kitausimamisha moyo wake. Wao walitumia moyo wa chura, mzee wa Kigiriama alitumia damu yake mwenyewe. Naomba msiniulize nani alikuwa na ujasiri zaidi.

Hata wanyama wamo katika mchezo huu. Kuna panya mkubwa wa Afrika Mashariki, mwenye manyoya marefu meusi na meupe, anayetembea polepole kama mtu mwenye barua ya mkuu wa wilaya mfukoni. Mbwa akimng'ata, hupepesuka, hutoka povu, mara nyingi hufa. Watu walisema panya huyo ana laana. Mwaka 2011 watafiti, akiwamo Bernard Agwanda wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walichapisha maelezo: panya huyo hutafuna gome la msungu, kisha hujipaka mate yake kwenye mstari wa manyoya ubavuni. Manyoya hayo yana matundu, yanafyonza kama sifongo. Naye hakusomea kokote.

Wazungu waliingiaje? Kwa mswaki. Daktari John Kirk alikuwa katika msafara wa Livingstone wa Zambezi, ulioanza 1858. Ni Kirk yule yule ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Unguja, aliyemshinikiza Sultani Barghash mpaka soko la watumwa likafungwa mwaka 1873. Huko Zambezi sumu ya mishale ilitoka kwenye mtambaazi uitwao kombe, binamu wa msungu katika ukoo mmoja wa mimea. Sisi wa pwani tukisikia kombe tunakumbuka sahani iliyoandikwa aya kwa zafarani, ikaoshwa, mgonjwa akanywa. Kirk naye alilinywa kombe lake, ila la aina nyingine. Mswaki wake ulikuwa umegusana na sumu ndani ya mizigo. Akapiga mswaki, akasikia uchungu. Ulimi, tena! Na kwa kuwa alikuwa daktari, alijishika kifundo cha mkono, akaona mapigo yake yamebadilika.

Sampuli zikafika Edinburgh kwa Thomas Fraser, na kufikia 1885 Fraser alikuwa akiwaeleza madaktari wenzake kuhusu strofanthini, yaani sumu ya kombe hilo, kama dawa ya moyo. Mwaka 1888 Mfaransa Arnaud aliichuja sumu ya msungu wa Wasomali, akaipa jina kutokana na neno lao, waabaayo: wabaini. Mwaka 1906 Mjerumani Albert Fraenkel alianza kudunga strofanthini moja kwa moja kwenye mshipa wa damu.

Kwa nini mshipani, si mdomoni? Hapo pana siri ambayo wawindaji waliijua kwa matumbo yao. Nyama ya mnyama wa mshale huliwa. Hukatwa tu pale palipochomwa na pembeni yake. Wabaini ikipitia tumboni huingia mwilini kidogo sana. Ikikutana na damu, ndipo balaa.

Na balaa lenyewe ni hili. Kila seli ya mwili ina pampu ndogo ukutani mwake: inatoa sodiamu nje, inaingiza potasiamu ndani, mchana na usiku. Wabaini huikaba pampu hiyo. Sodiamu ikijaa ndani, kalisiamu nayo huongezeka, na msuli wa moyo hujikaza kwa nguvu zaidi. Kidogo, moyo uliochoka hupata nguvu. Zaidi ya hapo, unapoteza mdundo, unatetemeka, unasimama. Mwaka 1957 Mdenmaki Jens Christian Skou alikuwa akichunguza mishipa ya fahamu ya kaa, na ni wabaini iliyomsaidia kuthibitisha kwamba kimeng'enya alichokiona ndiyo hiyo pampu. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka babu na chungu chake.

Babu hakupata tuzo. Tsavo ilifanywa hifadhi mwaka 1948, na operesheni ya kuwasaka majangili ya 1956 na 1957 iliwapeleka Waata wengi jela. Ndovu walihitaji kulindwa, sibishi. Pembe zilikuwa zikiuzwa na matajiri waliokuwa mbali na mshale. Ila ni mwenye upinde aliyefungwa, na ujuzi wake ukafungwa naye.

Hapa mjini, mzee mwenye moyo dhaifu anaweza kuandikiwa digoksini. Inatokana na mmea mwingine, wa Ulaya, lakini inaikaba pampu ile ile, na yenyewe hupita tumboni vizuri. Kidonge kina robo ya miligramu. Kati ya kiasi kinachosaidia na kinachodhuru pana nafasi finyu kweli. Kwa hiyo humwambia kila mteja: asubuhi, kabla ya kumeza, shika kifundo cha mkono, hesabu mapigo dakika nzima. Yakiwa chini ya 60, usimeze, mpigie daktari. Ukianza kutapika, au ukaona kila kitu kina umanjano, njoo hospitali mara moja, na vidonge uvibebe.

Na ule ua wa nyumba zenu wenye maua ya manjano kama tarumbeta, ambao mbegu zake watoto huchezea? Ni wa ukoo huo huo wa msungu, na mbegu zake zinaua.

Haya, maswali. Ndiyo, mama... Anauliza kama tunda la msungu linaliwa. Likiiva kabisa, watu hulila, hasa wakati wa njaa. Bichi ni sumu. Mimi silili.

Na wewe kijana? Kama sumu ya kigumba hiki bado ina nguvu. Mishale ya makumbusho iliyokaa miongo mingi imepimwa ikakutwa bado kali. Hiki kilikaa darini, pakavu, gizani, ndani ya ngozi yake, kama babu alivyokiacha.

Piteni mstari mmoja, kuanzia upande huu. Wewe mwenye sweta nyekundu, mikono nyuma.