Kurudi Kazini na Daftari Ndani ya Simu

ZAINA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Kampala, Jinja na kwingineko. Leo mimi na kaka Okello tunazungumzia programu za simu zinazoweza kumsaidia mtu anayerudi kazini baada ya kuugua kwa miezi mingi.

OKELLO: Nianze na ubishi, dada Zaina. Programu nyingi za afya humsukuma mtu aongeze hatua kila siku na kumpongeza anapovuka kiwango cha jana, ilhali aliyetoka kitandani juzi anahitaji kukumbushwa apumzike kabla hajachoka.

ZAINA: Hapo tunakubaliana. Wifi yangu hushona sare za shule huko Jinja, na aliporudi cherehani baada ya matibabu ya kifua kikuu, ambayo kwa kawaida huchukua miezi 6, aliweka kengele mbili tu kwenye simu: moja ya kuacha kushona anyooshe mgongo, nyingine ya kula. Pia alikuwa na programu ya daftari alimoandika saa, kazi aliyofanya, na uchovu wake kwa alama kutoka 0 hadi 10. Baada ya wiki chache aliyasoma maandishi yake, akaona kwamba uchovu mkali haukumjia siku ya kushona suruali za kaki bali kesho yake, ndipo akaanza kupishanisha siku za suruali na siku za mashati.

OKELLO: Wengine hutumia programu za kupima mapigo ya moyo kwa kamera. Unaweka kidole juu ya kamera, taa inawaka, na simu inasoma jinsi mwanga unavyobadilika kila damu inapopita. Kidole kikitikisika au kikiwa baridi, namba hizo hazina maana, kwa hiyo mtu asiache dawa kwa sababu yake. Na kukumbushwa dawa hakuhitaji simu janja: chini ya mpango wa 99DOTS uliotumika hapa Uganda, mgonjwa wa kifua kikuu alipiga bila malipo namba iliyofichwa chini ya vidonge kuonyesha kwamba amevimeza, hata kwa simu ya kitochi.

ZAINA: Tuje kwa mwajiri. Sheria ya Ajira ya 2006 humpa mfanyakazi aliyetimiza angalau mwezi mmoja kazini mshahara kamili wa mwezi wa kwanza wa ugonjwa, lakini miezi 2 ikiisha naye bado anaumwa, mwajiri anaweza kusitisha mkataba. Ndiyo maana mtu anayeomba kuanza kazi saa tatu badala ya saa mbili husikilizwa zaidi akiwa na kumbukumbu za wiki mbili mkononi.

OKELLO: Aonyeshe muhtasari wa saa na kazi, asimkabidhi bosi simu nzima. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa data maalumu. Binafsi, programu ya dawa inayotaka kusoma namba za rafiki zangu wote ningeifuta papo hapo.

ZAINA: Mimi ningependelea inayofanya kazi bila intaneti, kwa maana bando huisha. Tena nakala iwepo nje ya simu.

OKELLO: Wifi yako alinakili wapi?

ZAINA: Nyuma ya kitabu cha vipimo vya wateja, kila Jumamosi, kwani simu yenyewe ina kioo kilichopasuka na hujizima inavyotaka.