Farasi Wako Yuko kwa Mwalimu, Wewe Uko Wapi?

Asanteni, kaeni. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na leo nalisema tena kwa sababu simu bado zinaingia na malalamiko ni yale yale. Mtu kampeleka farasi kwenye kituo cha mafunzo na mauzo akiwa mzima, manyoya yanang'aa. Anakwenda kumchukua, anakuta mbavu. Mimi humuuliza swali moja tu: siku unamwacha, ulimpima? Kimya.

Basi nimekuja na tepu. Ni tepu ya fundi cherehani, hii hii. Unaizungusha kifuani, nyuma kidogo ya miguu ya mbele, pale unapokaa mkanda wa tandiko. Subiri farasi atoe pumzi, ndipo usome sentimita. Kisha pima urefu wake, kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha tena kwa urefu, gawanya kwa 11,880. Unachopata ni kilo. Haitakuwa sawasawa na mizani, lakini ukipima mwenyewe, kwa tepu ile ile, mahali pale pale, mabadiliko hayafichiki.

Yupo mama mmoja aliyefanya hivyo. Farasi wake jike alikuwa na mzunguko wa 180 na urefu wa 165, yaani kilo 450. Akaandika kwenye daftari la shule, akapiga picha pande zote mbili, na mwenye kituo akatia saini chini ya ukurasa. Alipomfuata farasi wake, mzunguko ulikuwa 170. Fanyeni hesabu: kilo 401. Karibu kilo 50 zimekwenda! Mwenye kituo akaanza maneno tunayoyajua sote: "Huyu alikuja hivi hivi, mama." Mama akafungua daftari. Saini ni ya nani? Mazungumzo yakageuka hapo hapo, na ada ya mwezi wa mwisho ikafutwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii mnaijua tangu utotoni, kwa nini mkifika getini mwa kituo mnaisahau?

Najua yupo anayejiambia moyoni: farasi akifanya kazi lazima apungue. Mafuta yatapungua, ndiyo. Lakini kazi ikienda pamoja na chakula, misuli hujaa mgongoni, mapajani na juu ya shingo. Ukimkuta uti wa mgongo umechongoka na nyonga zimetokeza, huyo hakulishwa. Farasi wa kilo 450 anahitaji kama kilo 9 za majani makavu kwa siku. Mkishuka chini ya 7 mnamtafutia maradhi. Wakikwambia "anapata ya kutosha", omba mizani, ning'iniza wavu wa majani mbele yao, soma.

Na tumbo je? Tumbo la farasi hutoa asidi saa zote, awe anakula au hali. Akipewa chakula asubuhi kisha akafungiwa bandani bila kitu mpaka jioni, asidi inaanza kumla yeye. Vidonda vya tumbo hivyo. Sasa kijana anakuja kukaza mkanda wa tandiko: farasi analaza masikio nyuma, anageuza shingo, anataka kuuma. Jioni unapokea ujumbe: "Farasi wako ana kiburi, tuongeze mwezi." Mwezi wa nini? Mnyama anaumwa, anahitaji daktari wa mifugo, na wewe unatoa pesa ili apandwe zaidi! Hili limenikera kwa miaka mingi na sitaacha kulisema.

Mwingine ataniambia: mwalimu amekataza nisimtembelee wiki za mwanzo, eti farasi atachanganyikiwa. Simama nje ya uzio, mtazame kwa mbali. Farasi hachanganyikiwi na mtu aliyesimama nje ya uzio. Haki ya kufika bila taarifa saa za kazi iandikwe kwenye mkataba, na kituo kikiikataa, mrudishe farasi kwenye gari siku hiyo hiyo. Mwalimu anayejiamini hana shida na mgeni. Na ukifika, vua tandiko, pitisha kiganja juu ya mgongo, pale shingo inapoishia na mabega yanapokutana. Akishtuka, uliza. Vinyweleo vyeupe vilivyoota mahali palipokuwa peusi ni alama ya tandiko lililombana mpaka ngozi ikaumia.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na mauzo sijayagusa. Niyapitie haraka.

Kituo kinachomfundisha farasi ndicho kinachomuuza, na mara nyingi ndicho kinachomshauri mnunuzi. Hapo ndipo bei inapokuwa na sura mbili: moja anaambiwa mnunuzi, nyingine unaambiwa wewe. Kamisheni iandikwe kwa asilimia, hati ya mauzo isainiwe na wewe na mnunuzi uso kwa uso, pesa ziingie kwako kwanza. Hati za farasi zisikae kituoni bila nakala. Kataza kwa maandishi asipewe dawa ya kutuliza wala ya kuficha maumivu mnunuzi anapokuja kumjaribu. Ikigundulika kwenye damu, mnunuzi atakuja kudai kwako, mwenye mali. Na deni usiliache lirundikane, kwa kuwa sheria za nchi nyingi zinakiruhusu kituo kumzuia mnyama mpaka ulipe.

Magonjwa sina muda nayo, ila hili moja: vituo vya mauzo huingiza na kutoa farasi kila mara, na homa ya matezi, ugonjwa wa farasi wa kuambukizana unaovimbisha matezi ya koo, huweza kujificha siku 3 hadi 14 kabla dalili hazijaonekana. Akirudi nyumbani mtenge wiki tatu, mpime joto kila siku, ndoo yake isiguswe na mwingine.

Maswali nayapokea. Mwenye mkataba mkononi aje nao huku mbele tuusome pamoja.