Turbo ya Kufunga Baadaye: Oili, Mafuta na Joto Katika Mwinuko wa Mwanza

Ndugu zangu mafundi, nanyi wenye magari mliojibanza huko nyuma, habari za mchana. Nimeombwa nizungumzie turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukume hewa zaidi ndani ya injini, hasa zile za kufunga baadaye, ambazo gari halikutoka nazo kiwandani. Kuchagua turbo kubwa kuliko ya jirani hakunihusu leo. Nitasema yale yanayoizunguka, kwa sababu turbo ikifa mapema, chanzo mara nyingi kiko nje yake.

Tuanze na injini yenyewe. Toyota Mark II yenye injini ya 1JZ-GE ya VVT-i ina mgandamizo wa 10.5 kwa 1, yaani pistoni inaibana hewa mara kumi na nusu. Ndugu yake 1JZ-GTE ya VVT-i, iliyozaliwa na turbo, ina 9 kwa 1. Toyota hawakushusha namba hiyo kwa kubahatisha. Hewa ya turbo inaingia kwenye silinda ikiwa imeshabanwa na imeshapata joto. Pistoni ikiibana tena mara kumi na nusu, mchanganyiko uliobaki pembeni hulipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Utasikia mlio kama kokoto ndani ya kopo. Mlio huo ukiendelea, kuta nyembamba zinazoshika ringi za pistoni zinakatika, au gaskiti ya hedi inaungua. Kwa hiyo injini ya namna hii, pistoni zake zilezile, mimi siivushi nusu ba ya presha ya turbo, yaani psi 7. Anayetaka ba nzima afungue injini kwanza, aweke pistoni za mgandamizo mdogo.

Sasa jambo ambalo wenzetu wa Dar hawalisumbukii. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni kama ba 0.88. Geji ya turbo inasoma kile kilichoongezeka juu ya hewa ya nje. Ikisema 0.5 Dar, injini inapata ba 1.51, ikisema 0.5 hapa Mwanza, inapata 1.38. Mwenye gari anahisi limelegea, anamwambia fundi akaze springi ya westigeti (mlango unaopunguza presha ya turbo) hadi nguvu ya Dar irudi. Kurudisha ile 1.51 hapa kunataka turbo izidishe hewa mara 1.7 badala ya mara 1.5, maana yake shafti inazunguka kasi zaidi na hewa inatoka moto zaidi. Hata kwa 0.5 ya kawaida, siku ya nyuzi 28, kompresa (upande wa turbo unaobana hewa) yenye ufanisi wa asilimia 70 inatoa hewa ya nyuzi 86 hivi. Ndiyo maana turbo bila intakula, ile rejeta ya kupoza hewa ya turbo, siikubali. Na gari likisetiwa Dar likaja huku, lipimwe upya. Likienda Dar kutoka hapa, lipimwe kabla halijakanyagwa, kwani kule injini itapokea hewa nyingi kuliko iliyosetiwa.

Mafuta yanafuata hewa. Injini ya silinda nne ikilenga farasi 250 inahitaji nozeli za kunyunyizia mafuta za kama cc 500 kwa dakika kila moja, ukiacha nafasi ya asilimia 20 zisifike mwisho. Pampu ya mafuta ya lita 255 kwa saa inatosha, ila wayaringi ya zamani mara nyingi haiibebi. Ivutie waya wake na relei yake. Turbo inaposukuma, uwiano wa hewa na mafuta uwe kati ya 11.5 na 12 kwa 1. Ile 14.7 ni ya kutembea taratibu. Uwiano huo upimwe kwa sensa pana ya ekzosi (wideband), maana ile ya kiwandani haiwezi kuusoma. Taimingi, yaani wakati wa plagi kuwaka, irudishwe nyuma, kwa kuanzia digrii moja kwa kila psi. Plagi ziwe baridi hatua moja, yaani za kupoteza joto haraka zaidi (kwa NGK ni namba kutoka 6 kwenda 7) na pengo lipunguzwe hadi milimita 0.7, la sivyo cheche inazimwa na presha na gari linakohoa. Habari za kudanganya sensa kwa rizista ili kuokoa pesa ya kontroli boksi (kompyuta ya injini), hizo tuziache nje ya mlango.

Oili ndiyo kazi yenyewe. Shafti ya turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na katika turbo ya bushi, isiyo na beringi za gololi, kinachoitenganisha na chuma ni utando wa oili tu. Mrija wa kuleta oili ni mwembamba, wa kurudisha ni mnene, na huo wa kurudisha ndio unaoharibiwa zaidi. Oili inashuka kwa uzito wake, haina presha tena. Mrija uwe na tundu la milimita 16 hivi, uteremke muda wote bila kupanda popote, na uingie kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Ukitobolewa chini ya usawa huo, oili inarudi nyuma, inapita kwenye sili, na ekzosi inatoa moshi wa bluu gari likiwa limesimama. Watu wanabadilisha turbo, moshi unabaki. Kagua pia njia ya kupumulia injini: ikiziba, presha inayojaa ndani ya injini huko chini inazuia oili kushuka, dalili ni zilezile. Turbo ya boliberingi (beringi za gololi) inataka kizuizi cha kama milimita 1 kwenye mrija wa kuleta. Ya bushi kwa kawaida haikitaki, na ukiiwekea unaikausha. Gaskiti ya silikoni usiipake kwenye viungo hivi. Kipande kinang'oka, kinaziba kitundu, turbo imekwenda.

Tumia oili ya sintetiki, 5W-40, badilisha kila kilomita 5,000 pamoja na filta. Nunua palipo na jina la kulinda, oili bandia zipo.

Tabia moja ya gereji zetu inaniudhi: kutoa thamostati, ile vali inayozuia maji ya rejeta hadi injini ipate joto, «ili gari lisichemke». Bila hiyo, maji yanapita ovyo, injini na oili vinachelewa kupata joto, na kompyuta inaendelea kumimina mafuta mengi kama asubuhi. Gari likichemka, tafuta feni, mfuniko wa rejeta au rejeta iliyoziba. Weka kulanti, siyo maji ya bomba. Na msimu wa wale wadudu wa ziwani, wanapoinuka kama wingu, fungua bampa utazame kati ya intakula na rejeta. Wamejaa humo. Osha kwa maji ya presha ndogo, mapezi yasilale.

Kuendesha. Geji ya maji ikifika katikati, oili bado haijafika. Ipe dakika kama kumi za mwendo wa taratibu kabla ya kukanyaga. Usikanyage hadi chini ukiwa gia ya tano na injini iko mzunguko 1,500 kwa dakika, hapo ndipo milipuko ile mibaya inapoanza. Ukitaka kupita lori barabara ya Musoma, shuka gia kwanza, turbo iamke ukiwa bado nyuma yake. Kwenye kona yenye mvua, Altezza inayosukuma nyuma itakuzungusha nguvu ikiingia ghafla katikati. Ukimaliza mwendo mkali, kilomita mbili za mwisho nenda polepole au iache injini ingurume dakika moja au mbili, oili isiungue ndani ya turbo.

Geji ya turbo ikipanda ghafla kupita 0.5, ondoa mguu mara moja. Karibu kila mara ni mpira mdogo wa westigeti umechomoka: westigeti haipati habari, haifunguki.

Anayenunua gari lililokwisha kufungwa turbo apime mgandamizo wa kila silinda, tofauti isizidi asilimia 10, kisha avue bomba la hewa ashike ncha ya shafti. Kuchezacheza kidogo pembeni ni kawaida kwa turbo ya bushi ikiwa kavu. Ikicheza kwenda mbele na nyuma, au mabawa yamekwaruza nyumba yake, bei iliyotajwa siyo bei.