Jibu Likae Chini ya Swali Lake: Makundi ya Habari Ndani ya Programu ya Baruapepe

Mwenyekiti, walimu wangu, na ndugu zangu vijana mliovuka kivuko cha Likoni katika jua hili ili mje kusikiliza habari za seva, yaani kompyuta zinazohifadhi na kusambaza ujumbe, nawashukuru. Wanaonifahamu wanajua nitakalolisema, kwa kuwa nimelisema katika kila ukumbi ulionikaribisha: mazungumzo ya watu wengi hayafai kitu iwapo jibu halikai chini ya swali lake. Historia ya Usenet, yaani mtandao wa makundi ya habari, mabaraza ya majadiliano ya maandishi yanayosambazwa na seva nyingi, sitairefusha. Ilibuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ikaanza kutumika mwaka uliofuata, na anayetaka zaidi atajisomea.

Nina kisa ambacho baadhi yenu mmeshakichoka, nanyi mtanistahimili. Mtaani kwetu tuna kundi la simu. Siku moja jirani aliuliza mazishi ya mzee mmoja yatakuwa saa ngapi. Kabla hajajibiwa, mwingine akauliza bauza la maji litafika lini, kwa kuwa mifereji ilikuwa mikavu. Katikati zikaingia picha za mikeka ya kuuza, dua ya asubuhi, na tangazo la nyumba ya kupanga Bamburi. Kisha likatua jibu lisilo na kichwa wala miguu: "Baada ya alasiri." Aliyeliandika alikuwa akisema habari za maji. Walioelewa hivyo walipanga mitungi yao barazani na wakapata maji. Walioelewa kuwa ni mazishi walivaa kanzu zao, wakafika makaburini wakati uliotajwa, wakakuta mzee ameshazikwa tangu adhuhuri na watu wamekwisha kurudi matangani. Mtoa jibu hakusema uongo hata kidogo, na bado yupo ambaye hasemezani naye hadi leo.

Mtaniambia kwamba simu inaruhusu kunukuu ujumbe unaoujibu. Naam, inaruhusu; ni wangapi kati yenu hufanya hivyo? Na hata ukinukuu, jibu lako bado hutupwa mwisho wa foleni, nyuma ya mikeka. Katika kundi la habari, mpangilio haumsubiri mtu akumbuke adabu. Kila ujumbe hupewa kitambulisho chake, mfuatano wa herufi na tarakimu uliofungwa kwa mabano ya pembe na wenye alama ya @ ndani yake, usiofanana na wa ujumbe mwingine wowote. Unapobonyeza kitufe cha kulijibu kundi, programu yako huandika yenyewe, katika mstari wa marejeo usiouona, kitambulisho cha ujumbe unaoujibu pamoja na vya waliotangulia katika uzi huo, yaani mfululizo wa swali na majibu yake. Programu ya msomaji, awe Kisauni au Helsinki, husoma mstari huo na kulipanga kila jibu chini ya ujumbe uliolizaa, hata likichelewa wiki tatu na hata majibu mia yakilitangulia.

Nimeitaja Helsinki kwa makusudi. Tarehe 25 Agosti 1991, Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi huko, aliandika katika kundi la comp.os.minix kwamba anatengeneza mfumo wa kompyuta kwa kujifurahisha tu, akawauliza wasomaji wanapenda nini na hawapendi nini katika Minix, mfumo mwingine wa kompyuta uliokuwepo. Huo ndio mfumo tunaouita Linux. Ujumbe wake bado unasomeka katika hifadhi za Usenet pamoja na majibu aliyopewa, kila moja mahali pake. Sasa nitafutieni katika kundi la mtaa wenu swali lililoulizwa mwezi uliopita tu.

Najua kuna anayenong'ona kuwa haya ni mambo ya kale, na kwamba Google iliyafunga. Google haikufunga kitu ambacho si chake. Mnamo 22 Februari 2024 iliacha kupokea na kuonyesha ujumbe mpya wa Usenet katika huduma yake. Seva nyingine ziliendelea kubadilishana ujumbe kama kawaida, kwa sababu Usenet haina makao makuu ambayo mtu anaweza kuyatia kufuli.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Fungueni Thunderbird, programu ya baruapepe inayosoma pia makundi ya habari, kwa kuwa Outlook ya ofisini haina uwezo huu na msipoteze jioni yenu kuutafuta. Katika mipangilio ya akaunti, chagueni kuongeza akaunti ya makundi ya habari, wala si akaunti ya barua. Hapa ndipo wengi hukwama, wakiingiza jina la seva ya barua zao na kungoja. Seva ya habari ni nyingine kabisa. Mojawapo ya zilizo za bure kwa makundi ya maandishi ni news.eternal-september.org, baada ya kujisajili kwao na kupata nenosiri. Poti, yaani mlango wa kuingilia seva, namba 119 ni ya mawasiliano yaliyo wazi. Tumieni 563, yenye usimbaji fiche. Kisha bofyeni akaunti hiyo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungueni orodha ya makundi, na mjiunge na moja au mawili, kwa mfano comp.lang.c kwa wanaojifunza lugha ya C. Kundi likiwa na vichwa vya ujumbe zaidi ya 500, programu itakuuliza kwanza kama uvipakue vyote: kataa, uchukue vichache, maana data unailipia wewe. Maandishi kamili ya ujumbe hushuka pale unapoufungua.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo vichujio vya barua taka nitaviacha. Lakini vitufe viwili siviachi: kimoja hulijibu kundi, kingine humpelekea mwandishi barua ya faragha, na mkono uliozoea baruapepe hukimbilia hicho cha pili, jibu likawanufaisha watu wawili badala ya kundi zima. Anwani yenu itaonekana na kila mtu, basi wengi huandika anwani inayoishia .invalid ili watuma taka wasiipate. Msitume swali moja katika makundi sita. Mkitaka kujaribu, lipo alt.test kwa kazi hiyo. Na ujumbe ukishatoka, hesabuni kuwa hauwezi kurudishwa, kwani seva nyingi hazitii ombi la kuufuta. Waliokuja na kompyuta wasogee hapa mbele tuanze kujisajili, kabla umeme haujabadili mawazo.